Dawa za TB ni bure, sasa pesa za familia zimekwenda wapi? Jibu la muuguzi wa kliniki

Mleta mada ameuliza mambo mawili kwa mpigo. Shemeji yake, fundi ujenzi, ameanza dozi ya kifua kikuu baada ya kuugua kwa miezi. Kabla hajaanza, familia, yenye mtoto mdogo wa miaka 2, ilishauza pikipiki na kuingia kwenye mkopo wa kausha damu, yaani wa riba ya kuumiza. Anataka kujua: kama dawa za TB ni bure, hizo pesa zimekwenda wapi? Na kama dawa ipo na inaponya, kwa nini ugonjwa huu haujaisha nchini?

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya TB. Nilianzia kituo cha afya kimoja mkoani Manyara ambako wengi wa wagonjwa wetu walikuwa wachimbaji, baadaye nikahamia mjini. Swali lako naulizwa na wake za wagonjwa mara kwa mara, na wengi huuliza wakiamini kuna mtu kala hela yao. Kwa hiyo nitajibu kwa urefu, mnisamehe.

Dawa ni bure kweli. Kupima makohozi bure, vidonge vya miezi 6 bure. Aliyekutoza hata shilingi mia kwa vidonge hivyo amekuibia, mripoti kwa mratibu wa TB wa wilaya. Ila ubure huo unaanza siku unapopimwa TB. Kabla ya hapo wewe ni mtu anayekohoa kama wengine wote, na kila mlango unaoingia unalipa.

Kuna mama alimleta mumewe kwetu, mwanaapolo (mchimbaji mdogo wa tanzanaiti) wa Mererani, amekonda mpaka suruali inashikiliwa na kamba. Nikamuuliza ametumia dawa gani mpaka leo. Akafungua mfuko akamwaga vyote mezani: pakiti za antibaotiki kama amoksilini, azithromaisini na sipro, chupa za dawa ya kikohozi, dawa ya minyoo, vidonge vya malaria, na karatasi za maabara zimeandikwa taifodi. Chini kabisa kulikuwa na bahasha ya eksirei ambayo hakuna aliyemweleza inasema nini. Mbuzi wote walishauzwa. Katika wote waliompokea na kuchukua hela yake, hakuna aliyempa kikopo akamwambia atemee makohozi. Tukampima, majibu yakatoka, akaanza dozi. Kipimo kilichompa jibu ndicho pekee ambacho hakukilipia.

Shemeji yako naye, ukimkalisha chini mkapiga hesabu, nina hakika mtakuta sehemu kubwa ya pikipiki iliishia huko, kabla ya kidonge cha kwanza cha TB. Na sipro na ndugu zake zina ubaya wa ziada: huwagusa kidogo hawa vijidudu vya TB, mgonjwa anapata nafuu ya siku chache, anarudi kazini, kisha anaanguka tena. Familia inaona dawa "ilifanya kazi", inanunua nyingine.

Sasa ongeza kipato kilichopotea, na hapa ndipo watu wengi hawahesabu. Tuseme fundi anapata elfu 25 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Akikaa nyumbani wiki 12, kati ya kuugua na kuanza kupata nguvu, hiyo ni 1,800,000. Hapo sijaweka nauli, sijaweka mke aliyefunga genge ili amuuguze, wala riba ya huo mkopo. Mtu wa mshahara ana pa kuegemea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 126 za ugonjwa ndani ya miezi 36: siku 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Fundi wa kutwa hana hata siku moja. Mwanaapolo ndiyo kabisa, kwa sababu wengi hawana mshahara tangu mwanzo: tajiri mwenye mgodi anawalisha, na jiwe likipatikana wanagawana. Akiumwa, amepoteza chakula na amepoteza mgawo, na jiwe likitoka wiki ya pili yake kitandani hana lake. Bima nayo italipa matibabu hospitalini, lakini haimlipi mgonjwa siku zake za kazi.

Halafu chakula. Wagonjwa wenyewe husema "hizi dawa zinataka msosi", na wanasema kweli. Vidonge vitatu au vinne asubuhi, kulingana na uzito, ukimeza tumbo tupu kichefuchefu kinakumaliza. Na baada ya wiki chache hamu ya kula inarudi kwa kishindo, mtu anataka kula sahani mbili katika nyumba ambayo haina hata ya kwanza. Nimeona wagonjwa wakiacha dozi kwa ajili hiyo tu. Ukiwauliza wanasema dawa zinawachosha. Ukikaa nao vizuri wanakwambia njaa. Hapo kwenye daftari tunaandika "mtoro wa matibabu", neno ambalo mimi silipendi hata kidogo. Kenya mwaka 2010 walifika mpaka kuwafunga jela wagonjwa walioacha dawa, kule Kapsabet, na Mahakama Kuu ikaja kusema mwaka 2016 kwamba kuwafunga vile ni kinyume cha katiba. Gereza lililojaa watu, madirisha madogo, unamweka humo mtu mwenye TB!

Wataalamu wana kipimo cha mzigo huu: gharama za ugonjwa zikizidi asilimia 20 ya kipato cha kaya kwa mwaka, zinahesabiwa kuwa za kufilisi. Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba ifikapo 2020 pasiwe na kaya hata moja inayofikishwa hapo na TB. Lengo halikutimia, duniani karibu nusu ya kaya zenye mgonjwa wa TB bado zinafika. Wakenya walifanya utafiti wao wa 2017 na kukuta zaidi ya robo ya kaya zenye TB ya kawaida zimefilisika hivyo, na kwa TB sugu, ile isiyosikia dawa za kawaida, ni zaidi ya kaya 8 kati ya 10. Kwa hiyo mkuu, familia yenu haikufanya uzembe wowote.

Nije upande wa serikali. Tanzania ina historia ambayo vijana wengi hawaijui. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu ulianza mwaka 1977, ukiwa na daktari Karel Styblo kama mshauri, na utaratibu uliojengwa hapa (kupima makohozi kwa hadubini, dawa za muda mfupi, kumsimamia mgonjwa anapomeza, kuandika kila mmoja na matokeo yake) ndio Shirika la Afya Duniani lilikuja kuusambaza dunia nzima miaka ya 1990. Ripoti ya Benki ya Dunia ya 1993 iliiweka tiba ya TB kati ya matumizi ya fedha za afya yenye faida kubwa kuliko yote. Dozi nzima ya TB ya kawaida hugharimu takriban dola 40. Kwa bei hiyo mtu wa miaka 30 anarudi kulea watoto wake.

Lakini kidonge ndicho sehemu rahisi. Ghali ni kumpata mgonjwa. Mashine ya kupima makohozi iitwayo GeneXpert inatoa jibu chini ya saa 2 na inakwambia papo hapo kama vijidudu vimekuwa sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB. Katriji moja, yaani kichupa cha kuwekea sampuli ya mgonjwa mmoja, ilikuwa karibu dola 10 mpaka 2023 iliposhuka hadi karibu dola 8. Mashine inataka umeme usiokatika na chumba kisicho na joto kali, na zahanati nyingi hazina. Kwa hiyo makohozi yanafungwa kwenye kikasha cha baridi, yanapanda bodaboda au basi kwenda hospitali yenye mashine. Mafuta ya hiyo bodaboda ni fedha ndogo sana kwenye bajeti, na ndiyo inayokatika ya kwanza. Ikikatika tunarudi kwenye hadubini, ambayo inawakosa wagonjwa wengi, hasa watoto na wenye VVU. Pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro wamefika mpaka kufundisha panya wanaonusa makohozi: sampuli 100 kwa dakika 20, nao huwakuta wagonjwa ambao hadubini iliwapita. Nawaheshimu sana wale watu.

Na tukichelewa, tunalipia TB sugu. Kwa miaka mingi wagonjwa wake walipelekwa Kibong'oto, wilayani Siha. Fikiria mtu wa Mtwara anaacha familia kwenda kukaa chini ya Kilimanjaro, sindano kila siku kwa miezi, vidonge kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, na wengine walitoka wamepona mapafu lakini masikio hayasikii kwa sababu ya zile sindano. Siku hizi huduma imesogezwa karibu, na tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza matibabu ya vidonge tupu ya miezi 6. Ni ukombozi mkubwa. Hata hivyo dawa zake ni mamia ya dola, na vipimo vya ufuatiliaji ni vingi: moyo, damu, macho.

Hapo ndipo swali lako la pili, kwa nini ugonjwa haujaisha, linapojibika. Mtu mmoja asiyetibiwa anaweza kuambukiza watu 5 mpaka 15 kwa mwaka, na miezi ile ya kuzunguka maduka ya dawa ndiyo miezi ya kuambukiza. Kwa wachimbaji ni mbaya zaidi, vumbi la mawe linaharibu mapafu na TB inakuta mlango wazi. Nchi zilikubaliana Umoja wa Mataifa mwaka 2023 kwamba zinahitajika dola bilioni 22 kwa mwaka ifikapo 2027. Mwaka huo wa 2023 dunia nzima ilitoa dola bilioni 5.7, na watu milioni 1.25 walikufa kwa TB. Sehemu kubwa ya kazi ya mtaani hapa kwetu, yaani wahudumu wa jamii wanaogonga milango na usafirishaji wa sampuli, imekuwa ikibebwa na wafadhili. Marekani ilipositisha misaada Januari 2025 tuliona wazi ni kazi gani hatujawahi kuiwekea fedha zetu wenyewe. Kama nina ombi moja kwa madiwani na wabunge wanaosoma humu, ni hiyo bodaboda ya makohozi na posho ya mhudumu wa jamii. Wekeni kwenye bajeti ya halmashauri.

Kwa shemeji yako sasa. Mwambie asishtuke mkojo ukiwa wa rangi ya chungwa, ni rifampisini hiyo. Kama kliniki ni mbali, aombe kuhamishiwa kituo cha karibu au achague msimamizi nyumbani ili nauli isiwe kila siku. Haya ni haki yake, asione aibu kuuliza. Kazi nyepesi anaweza kurudia mapema akipata nguvu, daktari atamwambia. Makohozi ya mwezi wa 2, wa 5 na wa 6 asiyakose hata kama anajisikia amepona. Mkopo ule, kama kuna ndugu au kikundi cha vicoba kinachoweza kuulipa wote mara moja, fanyeni hivyo kwanza kabla ya kitu kingine, riba yake itawala kuliko ugonjwa. Na watu wote wanaolala nyumba ile wapelekwe kuchunguzwa wiki hii. Mtoto wa chini ya miaka 5 akikutwa hana TB, ataanzishiwa dawa za kinga, nazo ni bure pia. Umesema kuna mdogo wa miaka 2. Anza na huyo.