Uliza Fundi: Nyumba ya fremu ya mbao Dar, itadumu kweli?

SWALI: Habari fundi. Mimi na mume wangu tuna kiwanja Kibada, Kigamboni, tunataka nyumba ya fremu ya mbao, nguzo na boriti ziunganishwe na seremala kwa mkono halafu kuta tujazie wenyewe taratibu. Mume wangu hataki hata kusikia, anasema mchwa wa huku wanakula mpaka fremu za milango. Nani yuko sahihi?

JIBU: Nzuri dada. Mumeo ana haki ya kuogopa, mchwa wa Pwani hawana mchezo, ila huo woga aupeleke kwenye miguu ya nguzo maana nyumba ya mbao inapona au inakufa hapo chini. Ukichimba shimo ukazika nguzo, hata iwe ya mninga, unyevu na mchwa watakukuta pale pale usawa wa ardhi. Kule Norwei makanisa ya kwanza ya mbao yalizikwa nguzo ardhini yakaoza, waliokuja baadaye wakaziinua juu ya magogo ya kulalia yaliyokaa kwenye mawe, na kanisa la Borgund lililojengwa miaka ya karibu na 1200 lipo mpaka leo na limejengwa kwa paini.

Kwahiyo pandisha msingi wa zege walau futi moja na nusu kutoka ardhini, weka nailoni ngumu ya kuzuia unyevu, halafu juu yake bati lililokunjwa kingo kwenda chini, litokeze nje kidogo. Bati haliui mchwa, linamlazimisha apite nje ajenge kale kanjia kake ka udongo, sasa hapo unakaona unakavunja. Kila mwezi zunguka msingi na tochi na bisibisi, choma mguu wa kila nguzo, bisibisi ikizama kirahisi ita fundi siku hiyo hiyo. Na upenu uwe mpana jamani, mvua ya masika inapiga kwa ubavu. Mbao ikibaki chini ya asilimia 20 ya unyevu, kuvu wa kuozesha hawapati nafasi.

SWALI: Fundi, hao maseremala wa kuunganisha bila misumari bado wapo? Na ninunue mbao gani? Niko Tabata.

JIBU: Wapo, ila wengi wa mjini wamezoea kenchi na misumari ya inchi nne. Mtafute aliyewahi kuunda majahazi au milango ya kuchonga, na kabla ya kupatana bei mpe kipande akate kiungo kimoja: ulimi huku, tundu kule, kigingi kikavu cha mbao ngumu kinapita katikati. Angalia tundu la kigingi kwenye ulimi. Fundi anayejua halilinganishi sawa na tundu la kipande kingine, analisogeza kama milimita 2 kuelekea kwenye bega, yaani pale ulimi unapoanzia, ili kigingi kikigongwa kivute kiungo kibane chenyewe, na hata mbao ikinywea baadaye kinabaki kimekaza.

Mbao chukua za kupandwa, paini ya Sao Hill kule Mufindi iliyotiwa dawa kwa presha, au mtiki kama wa Longuza, Muheza, mfuko ukiruhusu. Mninga unakua polepole mno porini, mimi naomba tusiutumie kwa nguzo za nyumba nzima. Paini ya dawa usiinunue kwa kuangalia rangi ya nje, omba wakukatie ncha kidogo uone dawa imezama kiasi gani maana nyingine imepakwa tu ngozi. Na hapa ndipo watu wanaharibu: seremala akishatoboa tundu na kuchonga ulimi anafungua mbao ya ndani ambayo dawa haikufika, lazima sehemu hizo zipakwe dawa upya kabla ya kuunganisha. Vipande vinavyobaki msipikie kabisa hata kama mkaa umepanda bei, dawa ile kwa kawaida ina aseniki na moshi wake ni sumu.

SWALI: Na moto je?

JIBU: Nguzo nene inaungua taratibu, chini ya milimita moja kwa dakika, mkaa wa nje unakinga mbao ya ndani. Hatari ni vimbao vyembamba na waya za umeme zilizofungwa ovyo, kwahiyo nguzo ziwe nene na waya zote zipite kwenye bomba.