Kabla hujauza korosho kwa ajili ya upasuaji wa roboti

Mimi na mjomba wangu tunaitana "mjomba" sote wawili, kwa hiyo nikisema mjomba hapa ujue ni yule mkubwa, mwenye shamba kule Newala na miaka 67 mgongoni. Mwaka juzi, mwezi wa tisa, alinipigia simu saa nne usiku.

"Mjomba, kuna mtu wa kangomba yuko tayari kuchukua korosho zangu zote. Nataka uje ushuhudie. Wanasema roboti haisubiri."

Korosho zenyewe bado zilikuwa mtini. Mimi ni karani wa chama cha msingi, najua kangomba anavyomla mkulima: anakupa hela leo kwa bei ya kukuonea huruma, kisha mwezi wa kumi anasimama kando ya mnada akicheka. Nikamwambia asisaini kitu, kesho yake nikapanda gari.

Aliyesema roboti haisubiri alikuwa wakala anayepeleka wagonjwa nje ya nchi. Alikuwa amemtumia mjomba video WhatsApp: mikono myembamba ya chuma inashona ganda la tunda la zabibu, uzi mdogo kama unywele, zabibu haipasuki. Mjomba aliniwekea video hiyo mara tatu. "Kama inashona zabibu," akasema, "tezi dume yangu itaishindwaje?"

Naandika haya kwa sababu msimu huu peke yake watu watatu wameniuliza swali lilelile: wauze korosho wakapasuliwe kwa roboti nje ya nchi? Mimi si daktari. Nilichonacho ni miezi mingi ya kukaa kwenye mabenchi ya hospitali, na daftari.

Kwanza hiyo roboti. Wengi kwetu wanadhani unalazwa kitandani, mashine inakuja, inajipasulia yenyewe. Sivyo. Daktari anakaa pembeni kwenye meza yake, macho yamezama ndani ya kioo kinachomkuzia picha, vidole viko kwenye vishikio. Akigeuza kifundo cha mkono wake, ile mikono ya chuma iliyoingizwa tumboni kwa vitundu visivyofika sentimita moja inageuka hivyohivyo, tena kwa utulivu zaidi maana mashine inachuja mtetemo wa mkono. Asipogusa, haifanyi lolote. Iliyoenea zaidi duniani inaitwa da Vinci, iliruhusiwa Marekani mwaka 2000, na upasuaji wa tezi dume ndio ulioipa umaarufu, kwa sababu tezi imejificha chini kabisa ya nyonga, mahali ambapo mkono wa binadamu unabanwa. Bei yake ni zaidi ya dola milioni moja, na vifaa vya ncha za mikono vina idadi ya kutumika, ikifika vinatupwa. Gharama hiyo yote inakuja kumwangukia mgonjwa.

Sasa, kabla ya kujadili roboti kuna swali ambalo wakala hakumuuliza mjomba hata mara moja: saratani iko wapi?

Mjomba alikuwa anaamka usiku mara nne, tano. Mkojo unakuja kwa kusuasua. Zahanati moja ilimtibu yutiai, maambukizi ya njia ya mkojo, kwa karibu nusu mwaka, vidonge baada ya vidonge, hakuna aliyetaja tezi dume. Yeye mwenyewe alisema ni uzee, siku nyingine akasema labda ni busha linaanza, maana huku kwetu mwanaume akiumwa chini ya kitovu kila kitu ni busha. Na kile kipimo cha kidole, daktari anapopapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, mnajua utani wake. Vijiwe vya kahawa vimekigeuza kichekesho hadi wazee wanaona bora wafe na heshima yao. Kinachukua muda mfupi kuliko kumenya chungwa. Mjomba alivyotoka chumbani nilimuuliza vipi, akanijibu, "Nilidhani bado hajaanza."

Kipimo cha damu cha PSA, protini inayotengenezwa na tezi dume, kilikuwa juu. Hapo tulitaka kulia, lakini daktari akatutuliza: PSA inapanda hata kwa maambukizi, hata kwa tezi iliyokua tu bila saratani. Jibu la kweli linatoka kwenye kinyama kinachochukuliwa kwa sindano na kupelekwa maabara. Kinyama kikasema ni saratani, ya ukali wa kati. Ndipo vikafuata vipimo vya kujua kama imetoka nje ya tezi na kwenda kwenye mifupa. Bahati yake, ilikuwa bado ndani.

Naomba usome hapo mara mbili. Ikishafika kwenye mifupa, kuitoa tezi peke yake hakumponyi mtu, uitoe kwa roboti au kwa kisu. Huyo mgonjwa anahitaji dawa za kushusha homoni ya kiume, au kutolewa korodani, na mionzi kwa maumivu. Wengi wetu tunafika hospitali tukiwa hapo, mgongo unauma tukidhani ni kazi ya shamba. Mtu akikuuzia safari ya roboti kabla ya kuona majibu ya mifupa, huyo anatafuta kamisheni.

Kwa mjomba mlango wa upasuaji ulikuwa wazi. Mionzi pia ilikuwepo, pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, na yenyewe ni tiba kamili kwa saratani iliyo ndani ya tezi. Tulimuuliza daktari bingwa wa yurolojia, yaani wa njia ya mkojo, swali la zabibu. Hakucheka. Alitueleza kwamba huko Brisbane, Australia, waliwagawa wanaume 326 kwa bahati nasibu, wengine roboti, wengine kisu cha kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 2016: wa roboti walipoteza damu kidogo zaidi, lakini baada ya majuma 12, kwenye kuzuia mkojo na nguvu za kiume, makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa. Walipowafuatilia hadi miaka miwili, ikawa vilevile. "Ukinipa daktari mzoefu bila roboti na mwanafunzi mwenye roboti," akasema, "mimi baba yangu nampeleka kwa mzoefu."

Akatuongezea jambo lililomfanya mjomba alale usingizi. Uingereza waliwafuatilia kwa miaka 15 wanaume 1,643 ambao saratani yao iligunduliwa mapema kwa PSA. Wengine walipasuliwa, wengine mionzi, wengine waliangaliwa tu kwa karibu. Waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa kama 3 katika kila 100, kundi lolote. Wengi wao hawakuwa na saratani kali, kwa hiyo usijipimie nguo hiyo bila daktari wako. Lakini ile "haisubiri" ya wakala ilikufa palepale. Mjomba alikuwa na majuma ya kufikiri. Alisubiri mnada, akauza kwa stakabadhi ghalani kama watu wengine, akaenda Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji wa kawaida na mtu aliyekwisha kufanya wengi. Mionzi aliikataa kwa sababu yake mwenyewe: hakutaka kukaa mjini majuma mengi akila chakula cha shemeji.

Makosa yetu yalianza baada ya hapo. Ukitolewa tezi dume, unawekewa mpira wa mkojo, unakaa nao kama juma moja hadi mawili wakati mshono unaunga. Sisi kwa ubahili tukasema tusubirie nyumbani. Siku ya sita tukapanda basi la alfajiri, mjomba amevaa msuli, mfuko wa mkojo umefichwa ndani ya mfuko wa rambo mweusi, ameupakata kama mama na mtoto. Daraja la Mkapa tulivuka vizuri. Tunakaribia Nangurukuru akanishika mkono. Mfuko ulikuwa haujaongezeka tangu Ikwiriri, na tumbo limejaa kama ngoma. Mpira ulikuwa umeziba kwa donge la damu. Tulishuka na mabegi, basi likaenda zake, tukachukua bajaji hadi kituo cha afya. Muuguzi, binti mdogo tu, alivuta maji ya chumvi kwenye bomba la sindano, akayasukuma taratibu, akavuta tena. Donge likatoka kama ini la kuku. Mjomba alishusha pumzi ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu.

Kwa hiyo ukiniuliza bajeti, anza na hiyo: nauli, chumba, na chakula cha siku za mpira, palepale karibu na waliokupasua. Mgonjwa wa roboti naye anatoka na mpira huohuo. Wakala wa nje alikuwa amehesabu siku za hospitali na ndege, hakuhesabu mpira wala nani ataangalia PSA kila baada ya miezi mitatu ukisharudi Mtwara.

Kisha kuvuja. Hili hatukuambiwa vya kutosha, au tuliambiwa tukiwa hatusikii. Mpira ukitoka, mkojo unadondoka ukikohoa, ukiinuka, ukicheka. Mjomba aliacha kwenda msikitini miezi miwili. Alisema hawezi kusimama safuni na udhu wa wasiwasi. Shehe wa mtaa alipopata habari alimfuata barazani, akamweleza kwamba mwenye udhuru wa kutokwa na mkojo anajisafisha, anavaa kitambaa, anatawadha kila wakati wa sala ukishaingia, na sala yake ni sala. Mazoezi ya kubana misuli ya chini, kama unayezuia upepo mbele ya wakwe, yalimsaidia sana. Fundishwa kabla ya upasuaji, usingoje. Mambo ya ndani yaongeeni na mke akiwepo. Mishipa inayohusika na nguvu za kiume imepita ubavuni mwa tezi, muulize daktari kama ataweza kuiacha. Mke wa mjomba ndiye aliyeuliza; sisi wanaume wawili tulikuwa tunaangalia dari.

Nisiionee roboti. Mwalimu mmoja wa Lindi ninayemfahamu alikutwa na uvimbe mdogo kwenye figo, akasafiri, wakautoa uvimbe peke yake na kumwachia figo. Kazi hiyo inataka damu ya figo izuiwe kwa dakika chache, wakate, washone haraka. Pale mikono inayojipinda kama kifundo ina faida ya kuonekana. Alikuwa na akiba na bima, na daktari wa huku ndiye aliyempa barua. Ningekuwa yeye ningekwenda. Ila kwa saratani ya kibofu, huku pwani ya kusini, ningeanza na kitu cha bei rahisi: mtoto akikojoa damu si balehe, mara nyingi ni kichocho, na dawa yake ipo. Kichocho cha miaka mingi ni njia mojawapo ya kufika kwenye saratani ya kibofu, na huo upasuaji wake, kwa mashine au kwa mkono, ni mzito.

Vijana wananiuliza kama daktari hawezi kumpasua mtu wa Mtwara akiwa Marekani. Juni 2025 daktari aliyekuwa Florida alimfanyia mgonjwa wa tezi dume aliyekuwa Angola. Lakini roboti ilikuwa Angola, na madaktari wengine wamesimama kitandani tayari kushika kisu. Nikikumbuka Mei 2024, nyaya za baharini zilivyokatika tukakaa bila intaneti, nawaelewa hao waliosimama.

PSA ya mjomba mara ya mwisho ilikuwa karibu na sifuri. Kitambaa anakivaa akienda shamba tu. Mwezi uliopita wakala alimtumia video nyingine, safari hii roboti inakunja karatasi. Mjomba aliniita nimwandikie jibu: "Daktari wake ameshafanya wangapi mwaka huu, na mpira nitautolea wapi?"

Tiki mbili za bluu zilitokea hapohapo. Jibu hadi leo hakuna.