Ndege anaimba kwenye mti upi? Anza na saa

Mdogo wangu, nimekuelewa: umetega simu tatu za kurekodi sauti msitu wa Rau, hapo Moshi, unatafuta ndege anaimbia wapi, lakini hesabu inakupeleka makumi ya mita pembeni.

Usiilaumu hesabu kwanza. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi 20, na unachopima ni tofauti ya muda inapofika kila maikrofoni. Saa za simu zikipishana sekunde 0.1 tu, umeshapotea mita 34! Na saa za simu huachana polepole kadiri unavyorekodi. Dawa ya kweli ni vinasa sauti vinavyorekebisha saa kwa GPS, au maikrofoni zote kuunganishwa kwa waya kwenye kinasa kimoja. Kama mfuko hauruhusu, gonganisha vibao viwili mahali ulipopapima, mwanzoni na mwishoni mwa kurekodi, kisha tumia mlio huo kuoanisha saa za faili zote.

Ongeza maikrofoni ya nne, uifunge juu ya mti. Ndege kama hondohondo hakai chini, na maikrofoni zikiwa kimo kimoja hutajua yuko juu kiasi gani. Umbali kati ya maikrofoni pima kwa futi kamba; GPS ya simu hukosea mita kadhaa. Kaa mbali na vijito, maji yana kelele.

Rau ni hifadhi, kwa hiyo omba kibali TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) kabla ya kufunga chochote. Ukinasa maongezi ya wapita njia, yafute. Na tafadhali, usiwapigie ndege sauti zao ulizorekodi wakati wanaatamia.