Uliza Ami: Mpwa wangu kachagua Buibui, nitakula mahamri kweli?

Shikamoo ami. Mimi msomaji wako wa hapa Langoni, Lamu. Mpwa wangu amepakua gemu ya besiboli kwa simu, ile unachagua timu ya zamani unacheza msimu mzima, na kati ya timu zote 12 za ligi ya Marekani ya 1899 yeye kachukua Cleveland Spiders, yaani Buibui (sio hili la dada zetu), kisa jina limemchekesha na kuna mtu kamwambia Cy Young alikuwa wa huko. Kesho ndio anaanza, tumewekeana mahamri na mbaazi ya wiki nzima, mimi nasema hafiki hata katikati ya jedwali. Kikosi chake kikoje? Na akitaka kubadilisha achukue gani?

Ami anajibu:

Marahaba mwanangu. Hiyo ya kuwekeana mahamri mtajuana wenyewe na ustadhi wenu, mimi nakujibu ya mpira tu.

Mpwa wako kachelewa mwaka mmoja. Angechukua Cleveland ya 1898 ningemtetea, hao walishinda 81 wakapoteza 68, wakawa wa 5, mrushaji wao, yaani anayewatupia mpira wapigaji wa timu pinzani, alikuwa Cy Young, na kwenye kupiga wana Jesse Burkett ambaye 1895 na 1896 alivuka .400, yaani mara 10 za kupiga anapata 4 na zaidi, na kwenye besiboli ukipata 3 tu washakuita fundi.

Sasa sikiza. Wenye timu walikuwa ndugu wawili, Frank na Stanley Robison, na mapema 1899 wakainunua pia timu ya St. Louis iliyokuwa imefilisika, timu ambayo mwaka uliotangulia ilipoteza mechi 111. Cleveland watu hawaji uwanjani, mechi za Jumapili zina matatizo na serikali ya mji, St. Louis wakaona ndiko kwenye pesa. Basi wakambeba Cy Young, wakambeba Burkett, wakambeba Bobby Wallace na mwalimu Patsy Tebeau, wote hao St. Louis, halafu waliobaki kule wakaletwa Cleveland.

Mimi kitu hiki nimekiona hapa hapa kwetu, kuna jamaa mmoja simtaji alikuwa na mashua mbili za mashindano, usiku wa kuamkia siku yenyewe akafungua tanga jipya kwa moja akalifunga kwa ya pili, na nahodha akamhamisha, asubuhi ile ya kwanza ikatoka na tanga la viraka na vijana ambao kazi waliyoijua ni kufua maji. Sisi tuliokaa ukutani tulijua kabla haijafika hata Shela.

Kwa hivo mwambie mpwa wako afungue listi aangalie majina. Atamuona Lave Cross, mchezaji na mwalimu, huyo mzuri kwa kweli. Joe Quinn, mzaliwa wa Australia, mzoefu. Tommy Tucker alikuwa bingwa wa kupiga, lakini hiyo ni 1889 bana, miaka 10 nyuma! Warushaji ndio kilio, Willie Sudhoff na Jim Hughey wanatoka ile ile St. Louis ya vipigo 111. Tena hata hao wazuri wachache hawakuachwa, Cross aliongoza mechi 38 tu akachukuliwa St. Louis, Sudhoff naye vivo hivo, Quinn ndio akaachiwa mzigo. Hughey alishinda 4 akapoteza 30.

Mwisho wake ushindi 20, vipigo 134, na hakuna timu ya ligi kubwa iliyopoteza hivo mpaka leo. Kuna wakati walipigwa mara 24 mfululizo. Nyumbani walicheza mechi 42 na mashabiki wa msimu mzima ni 6,088, gawanya mwenyewe, ni kama 145 kwa mechi, harusi ya mtaani ina watu zaidi. Timu ngine zikakataa kwenda huko maana mgao wa kiingilio haulipi hata treni na hoteli, ndio Buibui wakawa wa kuzurura, mechi 112 ugenini, wakapoteza 101. Mwaka uliofuata ligi ikapunguzwa ikabaki na timu 8, Cleveland ikatolewa.

Na cha kuchekesha, St. Louis na mastaa wote hao ilikuwa ya 5 tu.

Akitaka kubadilisha achukue Brooklyn, ilishinda 101 ikapoteza 47. Usimsifu sana lakini, wenye Brooklyn walikuwa na Baltimore pia na mchezo wao ulikuwa ule ule wa kuhamisha watu. Akikataa kubadilisha mwekee ushindi wa mechi 25, akizifikisha na warushaji wale mahamri ni haki yake, na mbaazi naongeza mimi.