Usiliponde, ligonge ukilizungusha

Mdogo wangu, hilo jiwe la duara uliloliokota mto Kiwira usiliponde kwa nyundo kubwa. Kwanza lipime mkononi: likiwa jepesi kuliko jiwe jingine la ukubwa huohuo, huenda lina uvungu wenye fuwele, yaani vijiwe ving'aavyo, ndani yake. Rungwe, unakopita mto huo, ni nchi ya volkano. Lava ikipoa huacha matundu ya gesi, kisha maji yenye silika (aina ya madini) hupenya na kujenga humo fuwele za kwatzi, taratibu mno.

Vaa miwani ya fundi, lilaze kwenye mchanga, chukua tindo na nyundo ndogo, ugonge kidogokidogo ukilizungusha mpaka mstari wa alama za tindo ukutane. Mlio ukibadilika, ukasikika kama chungu chenye ufa, punguza nguvu. Langu la kwanza nililipiga pigo moja, fuwele zote zikasagika. Mpaka leo roho inaniuma.