Je, Temeke imo katika Jiji la Dar es Salaam?

SWALI: Mimi ni karani katika ghala la korosho hapa Mtwara. Nilipoandika anwani ya mteja wetu kuwa "Temeke, Jiji la Dar es Salaam", mkuu wangu alikata neno "Jiji la" akaweka "Mkoa wa", akisema kwamba Temeke haimo jijini. Tangu utotoni nimesikia Dar es Salaam yote ikiitwa jiji. Nani amekosea?

JIBU: Kwenye bahasha, mkuu wako yuko sahihi, ingawa sababu yake haina umri mkubwa.

Jiji ni ukubwa wa mji, kama jito lilivyo ukubwa wa mto na jitu ukubwa wa mtu. Kwa asili, basi, neno hili hupima kwa macho: mji uliopita kimo cha miji mingine ni jiji, bila kuuliza nani ameutangaza. Ndiyo maana msafiri wa kutoka Mikindani husema anakwenda jijini hata kama atashuka Mbagala, ambayo imo Temeke, wala hapana wa kumsahihisha.

Serikali, hata hivyo, ililichukua neno hilohilo ikalifanya jina la hadhi, na hadhi hutolewa, huondolewa na huhamishwa. Dar es Salaam ilikuwa manispaa mwaka 1949, ikawa jiji tarehe 10 Desemba 1961, siku moja baada ya uhuru. Mwaka 1972, katika mpango wa madaraka mikoani, halmashauri za miji zilifutwa, kisha zikarejeshwa mwaka 1978. Halmashauri ya Jiji ilivunjwa tena mwaka 1996 na kazi zake zikakabidhiwa Tume ya Jiji, hadi mwaka 2000 zilipoanza manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, huku juu yake ikiwapo Halmashauri ya Jiji ya kuziratibu. Ubungo na Kigamboni zilifuata baadaye. Katika kipindi hicho anwani yako isingekuwa na dosari yoyote. Kilichoigeuza ni uamuzi wa Februari 2021, ambapo halmashauri hiyo ya juu ilivunjwa na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Tangu hapo, kwa lugha ya sheria, Jiji ni halmashauri moja kati ya tano za Mkoa wa Dar es Salaam, na Temeke ni jirani yake, si sehemu yake.

Kwa mwandishi, mtego mkubwa zaidi umo katika cheo cha meya. "Meya wa Jiji la Dar es Salaam" wa mwaka 2015 aliongoza chombo kilichoziunganisha manispaa zote, lakini wa mwaka 2022 aliongoza eneo lililokuwa Ilala. Maneno ni yaleyale, ofisi si ileile, na anayeandika habari za nyuma hana budi kutaja mwaka. Sheikh Kaluta Amri Abedi, Mwafrika wa kwanza kushika umeya wa Dar es Salaam, alichaguliwa kabla ya uhuru, mji ulipokuwa bado manispaa, kwa hiyo si vyema kusema kwamba alichaguliwa kuwa meya wa jiji. (Alikuwa pia mshairi, na ni bahati njema ya Kiswahili kwamba diwani ni mwakilishi wa kata katika halmashauri na vilevile ni mkusanyiko wa mashairi.)

Nimeona pia kwamba katika anwani iliyo juu ya barua yako umeandika "Manispaa la Mtwara-Mikindani". Jiji huchukua "la" na majiji "ya", lakini manispaa imo katika ngeli ya I-ZI: manispaa ya, manispaa za. Bahasha yako basi iandikwe "Manispaa ya Temeke, Mkoa wa Dar es Salaam", na utakapopanda basi kumfuata mteja huyo, waage wenzako kwamba unakwenda jijini.