Usibadilishe breka ya 20 kuwa 32 kabla hujajua waya uliomo ukutani

Mkuu, usiiweke hiyo breka ya 32. Kama fundi ameshafungua bodi, mwambie aishie hapo hapo na arudishe ya 20.

Umeandika kwamba umefunga hita ya kuogea ya kilowati 5.5 kwenye laini ile ile ya soketi, waya ni wa 2.5 (milimita za mraba), breka ni ya ampea 20, na inakata baada ya robo saa hivi, hasa pasi ikiwa inatumika. Fundi kakwambia breka ni ndogo, weka 32. Halafu ukauliza mbona taa zinafifia hita ikiwaka, na kifaa gani kizuri cha kulinda friji. Hayo mawili yanaweza kusubiri hadi kesho. Hili la breka haliwezi.

Breka ni ya kulinda waya. Hailindi hita, hailindi pasi, na breka ya kawaida haikulindi hata wewe usipigwe na umeme. Kazi yake ni kukata kabla waya uliofukiwa ukutani haujapata joto la kuharibu plastiki yake. Kwa hiyo mzigo ndio unaoamua waya, na waya ndio unaoamua breka. Anayeanza na breka kaanzia mwisho.

Piga hesabu. Kilowati 5.5 kwa umeme wa volti 230 ni ampea 24. Pasi ya wati 1200 inaongeza 5. Umeshafika 29 na friji hujaigusa. Waya wa shaba wa 2.5 unaopita kwenye bomba ndani ya ukuta unabeba ampea 20 hadi 24, kutegemea ukuta wenyewe unatoa joto vizuri kiasi gani. Hiyo ni kama uko peke yake bombani. Laini mbili zenye mzigo zikibanana kwenye bomba moja, uwezo wa kila moja zidisha kwa 0.8, zikiwa tatu, zidisha kwa 0.7. Kama bomba linapita juu ya dari ambako hewa inafika nyuzijoto 40, zidisha tena kwa 0.87. Ukimaliza hesabu hiyo unaweza kukuta waya wako hata hiyo 20 unaibeba kwa shida, na hapo breka sahihi ni 16.

Sasa joto. Joto la waya halipandi sambamba na ampea, linapanda kwa mraba wake, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Kutoka 20 hadi 29 macho yanaona nyongeza ndogo, lakini joto linazidi mara mbili. Chukua umbali wa mita 15 kutoka kwenye bodi hadi kwenye hita. Waya wa 2.5 una ukinzani wa ohmu 0.0074 hivi kwa kila mita, na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 30: ohmu 0.22. Ukipitisha ampea 20, ukuta unapokea wati 89 za joto. Ukipitisha 29, unapokea wati 187. Plastiki ya PVC ya nyaya za kawaida za nyumbani imetengenezwa kuvumilia nyuzijoto 70 mfululizo. Kwa ampea 29, waya wako unavuka 85 hata kwenye ukuta mzuri, na kwenye ukuta unaohifadhi joto unaweza kupita 110. Na kwa makadirio ya mafundi, kila nyuzijoto 8 hadi 10 za ziada hukata umri wa plastiki kwa nusu.

Tazama tena breka yenyewe inavyofanya kazi, maana namba iliyoandikwa usoni wengi hudhani ndiyo inayokata papo hapo. Kwa kiwango cha kimataifa cha breka za nyumbani, breka haitakiwi kukata ndani ya saa nzima ikibeba mara 1.13 ya namba yake. Ikibeba mara 1.45, ni lazima ikate kabla saa moja haijaisha. Kwa breka ya 20, mara 1.45 ni ampea 29. Hita na pasi. Breka yako ni nzima, inafanya kile kile ilichoundwa kufanya! Weka 32, sasa: mara 1.13 ni ampea 36, mara 1.45 ni ampea 46. Yaani breka mpya kabisa, halali, isiyo na kasoro, ina ruhusa ya kuachia ampea 36 zipite saa nzima bila kukata, na kwa 46 inaweza kuchukua karibu saa. Ampea 46 kwenye waya wako ule ule wa mita 15 ni wati 470 ndani ya ukuta. Hilo ni jiko dogo, limepigwa plasta juu.

Kinachoniudhi ni kauli ya "weka kubwa, tatizo litaisha". Fundi anayesema hivyo hakosi bisibisi wala testa, anakosa kuuliza swali moja tu: waya uliomo humu ni wa ngapi? Anajua mteja anapima kazi kwa kitu kimoja, kwamba breka imeacha kukata. Na kweli inaacha. Analipwa siku hiyo na kuondoka, na plastiki inaanza kukauka siku hiyo hiyo. Inakuwa ngumu, inapasuka kwenye kona za bomba na nyuma ya soketi, mahali ambapo waya umekunjwa. Dalili za mwanzo ni soketi kuwa na rangi ya kahawia pembeni, harufu kama ya samaki au ya plastiki inayoungua, swichi yenye joto ukiigusa. Baadaye laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) zinagusana na kupiga shoti, au skrubu ya soketi inatoa cheche mfululizo kwa mkondo wa kawaida kabisa, ambao breka haiwezi kuutofautisha na pasi. Moto wa cheche hizo unaweza kuanza bila breka yoyote kukata, halafu lawama inabebeshwa umeme uliorudi kwa nguvu.

Kwa anayesoma akiwa na tatizo linalofanana: muda wa kukata unakueleza mengi. Ikikata papo hapo unapoipandisha, hata vifaa vyote vikiwa vimechomolewa, hiyo ni shoti kwenye nyaya. Usiipandishe mara ya pili. Ikikata baada ya dakika kadhaa, ni mzigo kuzidi. Ikiwa ni RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ndiyo inayokata na breka za pembeni zimebaki juu, umeme unavuja kwenda kwenye ethi (waya wa ardhini), na kwenye hita za maji mara nyingi ni koili iliyopasuka. Kuna la nne ambalo husahaulika: skrubu ya breka iliyolegea. Inazalisha joto pale pale ilipo, joto linaingia ndani ya breka, nayo inakata ikiwa na ampea 12 tu. Ndiyo maana kabla ya kununua chochote unapima kwa klampu mita (kipimo kinachokumbatia waya na kusoma ampea) kwenye laivu, mzigo wote ukiwa umewashwa. Ikisoma 29, tatizo ni mzigo. Ikisoma 12 na bado inakata, zima meini swichi, hakikisha kwa mita kwamba hakuna umeme, kaza skrubu, na ukiona plastiki imebadilika rangi badilisha breka kwa nyingine ya 20. Angalizo: ukizima meini swichi, upande wake unaoingiza umeme kutoka kwenye mita bado uko moto. Watu huumia hapo wakidhani wameshazima kila kitu.

Dawa ya hita yako ni laini yake peke yake kutoka kwenye bodi. Waya wa shaba wa milimita 6 za mraba kwa laivu na nyutro, na ethi ya 6 pia kama mnavuta waya mmoja mmoja kwenye bomba. Breka ya 32. RCD ya miliampea 30 mbele yake, kwa sababu hapa kuna maji na mtu aliyelowa. Swichi ya ampea 45 inayokata laivu na nyutro kwa pamoja, iwekwe nje ya bafu. Hakuna plagi wala soketi njiani, wala kiungio kilichofungwa kwa mkanda wa gundi juu ya dari. Kwa mita 15 na ampea 24, volti zinazopotea njiani ni karibu 2.6, hakuna shida. Menya plastiki kiasi cha kuingia kwenye breka, milimita 10 hivi. Plastiki ikiingia chini ya skrubu unabana plastiki badala ya shaba. Nyaya laini za nyuzi nyingi zivalishwe vikofia vya kubana, zisipakwe risasi ya kuchomelea, kwa sababu risasi inajipunguza taratibu chini ya skrubu na kiungio kinalegea. Kabla ya yote angalia meini swichi na waya unaotoka kwenye mita: kama meini ni ya 40, hita peke yake inachukua 24, kwa hiyo hita na jiko kubwa la umeme havitawaka pamoja.

Na waya wenyewe ukaguliwe kabla haujaingia ukutani. Kuna nyaya zilizoandikwa 2.5 ambazo hazifiki hata 1.5, na nyingine ni alumini iliyopakwa shaba kwa nje. Kwaruza ncha kwa kisu: ukiona rangi ya fedha ndani, rudisha. Pima kwa kalipa: waya wa 2.5 wa uzi mmoja una kipenyo cha milimita 1.78, wa 1.5 una 1.38. Wa 6 wenye nyuzi saba, kila uzi ni milimita 1.04. Anayekukataza kupima anajua anachouza.

Kuhusu taa: kama zinafifia kidogo hita ikiwaka na kubaki hivyo hivyo, ni volti zinazopotea kwenye waya mwembamba au kwenye waya wa kuingia nyumbani. Kama zinacheza, zinapanda na kushuka, na hasa kama baadhi zinang'aa kupita kawaida, nyutro imelegea mahali fulani. Hilo si la kesho, zima meini swichi na uite wenye mita waje leo.

Kabla hujamlipa fundi, chomoa kifuniko cha soketi moja, umeme ukiwa umezimwa na kupimwa, upige picha ya nyaya zinazoingia na maandishi yaliyo juu ya plastiki yake. Piga na ya bodi ikiwa wazi, bila kuingiza kidole. Weka hapa tuone. Na breka ya 32 kama umeshainunua, itunze. Itafungwa siku waya wa 6 utakapokuwa umefika kwenye hita.